Wasomaji Wauliza: Nyumba Imejaa Watu, Mbona Nina Upweke?

Barua hizi za Agosti 2020, wakati wa janga la korona, zilitoka karibu zote kwa vijana au kwa wazazi wao, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Kwa hiyo safu nzima ya mwezi huo tuliitenga kwa upweke. Kafyu ya usiku kote Kenya ilianza tarehe 27 Machi. Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, mtu asiingie wala asitoke. Mei, Mji wa Kale ukawekewa vizuizi vyake peke yake. Tangu Julai 7 njia zilikuwa wazi, lakini shule zilipangiwa kubaki zimefungwa hadi Januari 2021, madrasa hazikuwa zimeruhusiwa, na kufika saa tatu usiku kila mtu alitakiwa awe ndani. Miezi mitano ni mingi kwa mtu wa miaka 19. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

Kwetu Kibokoni tuko watu tisa. Hakuna saa nyumba imenyamaza, lakini nikilala nahisi kama niko kisiwani peke yangu. Mamangu ananiambia huo ni ukosefu wa shukrani. Je, ni kweli?
*Mvulana wa miaka 21, Mji wa Kale*

Si kweli, ingawa tunaelewa kwa nini mama aone hivyo. Kuwa peke yako na kuwa na upweke ni vitu viwili. Kuna mtu anaishi peke yake chumba kimoja na moyo wake umeshiba. Kuna mwingine analala watatu kitanda kimoja na hana wa kumwambia neno. Upweke ni ile nafasi iliyoko kati ya uhusiano unaouhitaji na uhusiano ulio nao. Nyumba ya watu tisa inakupa chakula, ulinzi na kelele. Huenda isikupe mtu wa rika lako wa kusikia lile usilotaka babako alisikie.

Ukitaka kujipima, watafiti hutumia maswali matatu tu. Ni mara ngapi unahisi huna wa kuwa naye? Ni mara ngapi unahisi umeachwa nje? Ni mara ngapi unahisi umetengwa na wenzako? Kila jibu lipe alama: 1 kama ni nadra, 2 kama ni wakati mwingine, 3 kama ni mara nyingi. Jumla ni kati ya 3 na 9. Watafiti wengi huhesabu 6 na kuendelea kuwa upweke wa kuangaliwa. Usijipime siku umegombana na mtu. Pima siku ya kawaida, uandike tarehe, kisha upime tena baada ya wiki nne.

Sasa tazama umepoteza nini hasa. Kabla ya Machi, kijana wa Kibokoni hakuwa na haja ya kupanga kumuona rafiki. Alitoka msikitini, akapita barazani, akawakuta watu. Hakualikwa, wala hakuulizwa amefuata nini. Akiwa na neno alisema, akiwa hana alikaa tu, na kukaa kulitosha. Janga hili halikukunyang'anya marafiki. Limekunyang'anya kukutana bila kualikana, na hicho ni kitu ambacho hatukuwahi kukihesabu kwa sababu hakikuwa na gharama. Dawa yake ni kufanya kwa miadi kile kilichokuwa kikifanyika kwa mazoea. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye neno hilo, miadi.

Kwako wewe tunapendekeza miadi miwili. Wa kwanza ni faragha. Zungumza na wa nyumbani upewe nusu saa baada ya Alasiri, uwe juu darini na simu yako, asipande mtu. Omba saa maalumu, kwa sababu "nataka kuwa peke yangu" husikika kama hasira, lakini "saa kumi hadi saa kumi na nusu nazungumza na rafiki" husikika kama shughuli. Wa pili ni mtu mmoja wa humo humo ndani. Chagua mmoja katika wale wanane, binamu au mdogo wako, mfanye jambo moja la wawili mara mbili kwa wiki: kwenda Marikiti, au kusukuma mitungi ya maji. Watu husemezana zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama mbele.

Nasoma chuo kikuu na sasa niko nyumbani Mikindani. Kundi letu la WhatsApp limekufa. Nikiwaandikia wenzangu naona alama mbili za buluu na hakuna jibu. Nimeanza kuamini kwamba hawakunipenda tangu mwanzo.
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Barua hii tumeisoma mara kadhaa, kwa sababu ndani yake kuna mtego mkubwa kuliko yote. John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago alitumia miaka mingi kuuchunguza upweke. Alieleza kwamba akili ya mtu mpweke hugeuka kuwa mlinzi. Hutafuta dalili za kukataliwa kila mahali na huziona hata pasipo na kitu. Mtu akijihami hivyo, hujibu kwa ukavu au hujiondoa kabla hajaondolewa. Wenzake wakiona ukavu huo, nao hurudi nyuma. Hapo mlinzi anasema: si nilikwambia?

Mwaka 2011 watafiti walikusanya tafiti nyingi za tiba ya upweke na kuzilinganisha. Iliyoshinda nyingine ilikuwa kumsaidia mtu kuzikagua fikra hizo. Ilifanya kazi kuliko kumkusanyia watu au kumfundisha namna ya kuzungumza. Ukaguzi wenyewe unaweza kuuanza kwa daftari. Gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza andika kilichotokea, kama kamera ingekinasa: "Jumanne saa nne nimeandika, amesoma, hajajibu." Ya pili andika ulivyokitafsiri: "Hanipendi." Ya tatu lazima uandike maelezo mengine mawili yanayowezekana. Mjini mwetu hayako mbali: bando limekwisha baada ya kusoma, simu ni ya watu watatu nyumbani, ameitwa dukani, au naye yuko kitandani na upweke wake na hajui aseme nini. Hulazimiki kuyaamini hayo mawili. Kazi yake ni kuizuia tafsiri ya kwanza isikalie kiti cha hakimu. Fanya hivyo kwa wiki mbili, mara moja kwa siku. Wanaoshindwa mara nyingi huandika hisia katika safu ya kwanza ("amenidharau"), na zoezi lote linaharibika hapo.

Kisha tazama ujumbe wenyewe. "Mambo?" hujibiwa "poa", na mazungumzo yamekufa. Umemwachia mwenzako kazi yote ya kubuni, na miezi hii hakuna mwenye habari mpya. Ujumbe unaojibika huwa na kumbukumbu moja mnayoishiriki, swali moja dogo la kujibiwa kwa mstari mmoja, na ruhusa ya kuchelewa. Mfano: "Leo nimepita Tudor nikakumbuka siku ile tulivyonyeshewa na ripoti za maabara mkononi. Bado uko Voi ama umerudi? Jibu ukipata nafasi." Ukirekodi sauti, iwe ya sekunde 30 hadi 60. Ya dakika nne huwekwa kando "nitaisikiliza baadaye", na baadaye haifiki.

Usiwaandikie kundi. Andikia watu watano, mmoja mmoja, siku tofauti. Wawili wakijibu vizuri, hayo ni mavuno mema. Asiyejibu mwandikie tena baada ya siku kumi, mara moja, bila lawama. "Siku hizi umeninyamazia" hufunga mlango. Akinyamaza tena, mwache apumzike, labda atarudi mwenyewe chuo kikifunguliwa.

Kwa wale wawili, ondokeni kwenye maandishi mapema. Pigianeni Jumatano saa mbili na nusu usiku kwa dakika 15, na kabla hamjakata mpange inayofuata. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Simu ya kwanza huwa tamu, wanaagana kwa "tutapigiana", na hawapigiani. Jambo moja zaidi: kutazama hali (status) za wenzako WhatsApp bila kumwandikia mtu hakuhesabiki kuwa mazungumzo. Ukijikuta umetazama thelathini, simama, umwandikie mmoja wao.

Kaka zangu wana maskani yao, kijiwe chao cha kukaa, hata sasa, wanakaa mbalimbali lakini wanakaa. Sisi wasichana tulikuwa na madrasa, harusi na tuisheni. Vyote vimekwenda. Nimebaki na sufuria na fagio. Nitoe wapi miadi mimi?
*Msichana wa miaka 19, Likoni*

Una haki, na hili halisemwi vya kutosha. Mazungumzo ya upweke wa vijana huku kwetu huanzia barazani, na baraza ni la wanaume. Wasichana hukutana ndani ya shughuli. Harusi ziliruhusiwa Julai 2020 hadi watu 100, lakini wewe hukuhitaji ukumbi. Kilichokuwa chako ni zile siku za kabla: kuchagua mchele, kutwanga hina, kushona, kucheka jikoni hadi usiku. Hivyo usitafute sherehe. Tafuta kazi inayofanywa na mikono ya wawili au watatu.

Anza na simu jikoni. Panga na rafiki yako saa moja mnayopika nyote, mfano saa nne na nusu asubuhi, mara tatu kwa wiki. Wekeni simu kwenye spika, kila mtu akune nazi yake. Hamlazimiki kuzungumza mfululizo. Dakika 40 za kusikiana mkifanya kazi zinakaribia ule ukaaji wa zamani kuliko dakika kumi za kuhojiana. Mkitumia intaneti, zimeni picha. Sauti peke yake hula bando kidogo sana, na hakuna wa kujali uso una jasho.

Hatua ya pili ni kuonana, wasichana watatu wale wale, kibarazani nje au uani, si chumbani. Kushona barakoa ni kazi nzuri ya wakati huu, kwa sababu ina sababu ya kukaa saa mbili na inaweza kuingiza shilingi. Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tabaka tatu za kitambaa, la ndani liwe la pamba. Mmoja anakata, mmoja anashona, mmoja anatia mpira. Mkigawana hivyo, hakuna anayekaa akijiuliza amekuja kufanya nini.

Kuhusu ruhusa: ombi la "nataka kutoka" hukataliwa hata na mzazi mpole. Omba jambo lenye pembe zake zote: nani, wapi, saa ngapi, na kurudi kabla ya Magharibi. Bora zaidi, mama wa rafiki yako ampigie mamako kwanza. Na kaka zako wapewe zamu ya vyombo siku mbili kwa wiki. Wao wana saa za maskani kwa sababu wewe una saa za sufuria. Mwombe mama aliamue hilo yeye. Ukilidai mwenyewe litageuka ugomvi.

Nilikuwa mhudumu hotelini Shanzu. Machi tulirudishwa nyumbani bila mshahara. Nimepanga chumba Kisauni peke yangu. Naamka saa nane mchana, usiku niko kwenye simu hadi kafyu inaisha. Marafiki wa kazini wakipiga sipokei.
*Kijana wa miaka 25*

Ndugu, tunaona vitu viwili vimeshikana: usingizi uliopinduka na aibu ya kutokuwa na kazi. Tuanze na usingizi, kwa kuwa ndio ulio karibu na mkono wako.

Anayeamka saa nane mchana hukutana na watu wakiwa wamekwisha kukutana. Sokoni wamerudi, majirani wamelala, na saa zake nzuri huangukia usiku wa kafyu asipoweza kwenda popote. Upweke wako kwa sehemu ni wa ratiba. Usijaribu kuigeuza kwa siku moja. Utakesha, utalala adhuhuri, utarudi ulikotoka. Rudisha saa ya kuamka nyuma kwa saa moja kila siku mbili. Kutoka saa nane mchana hadi saa moja asubuhi ni saa saba, kwa hiyo siku 14 zinatosha. Saa ya kulala usihangaike nayo, itafuata yenyewe. Ukiamka, toka nje ndani ya nusu saa, ukae au utembee juani dakika 20 hadi 30. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili kuwa siku imeanza, na taa ya chumbani haifanyi kazi hiyo. Mchana ukizidiwa, lala dakika 20 na si zaidi, tena kabla ya saa tisa. Simu ichajiwe mbali na kitanda, mahali ambapo lazima usimame kuizima kengele.

Wiki ya kwanza fanya hilo tu. Wanaoanza mambo sita siku ya kwanza hukata tamaa siku ya nne.

Wiki ya pili, ongeza chai. Kama unamudu mahamri na mbaazi, usifungiwe kwenye karatasi ukaondoka. Vaa barakoa hadi wakati wa kula, kaa pembeni pale nje, ule hapo, kwa muuzaji yule yule, saa ile ile. Mwaka 2014 watafiti Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn waliwafuatilia watu waliokwenda kununua kahawa nchini Kanada. Waliozungumza kidogo na muuzaji waliondoka na furaha zaidi, wakijihisi kuwa miongoni mwa watu, kuliko walionunua na kwenda zao. Huyo mama wa mahamri akijua jina lako, siku usipofika atauliza. Mtu anayeishi peke yake chumbani anahitaji angalau mmoja wa namna hiyo, hata kwa usalama tu.

Tuje kwenye aibu. Hupokei simu kwa sababu unaogopa swali moja: "Siku hizi uko wapi?" Tayarisha jibu, liandike, ulitamke kwa sauti mara tatu ukiwa peke yako: "Hoteli bado haijaita watu. Kwa sasa nashikashika vibarua. Na wewe?" Sentensi tatu, ya mwisho inarudisha swali. Jibu likiwa tayari mdomoni, simu haitishi tena. Kumbuka pia kwamba wanaokupigia walirudishwa nyumbani siku moja na wewe. Huenda wanatafuta mtu wa kulijua jambo hilo bila kuelezwa.

Wa kwanza atakayepiga, mpendekezee Jumapili. Watu wanne, kila mmoja achange shilingi 100, mpike wali wa nazi na maharagwe uani kwa mmoja wenu, zamu izunguke. Mchango uwe sawa na mdogo, asiwepo wa kualika wala wa kualikwa. Asiyekuwa na mia aje na kuni au alete nguvu za kukuna nazi. Wapishi na wahudumu wa hoteli mnajua kula pamoja baada ya zamu, na desturi hiyo haihitaji mgeni wala hoteli.

Je, twaweza kurudi barazani kunywa kahawa?
*Vijana watano, Majengo*

Mnaweza kwa masharti. Kaeni nje, si kwenye ukumbi uliofungwa. Wawe wale wale watano kila siku, maana kundi linalobadilika ndilo linalosambaza. Umbali uwe mita moja na nusu, barakoa ivuliwe wakati wa kunywa tu, na muondoke mapema kabla ya saa tatu. Hatari inayosahaulika ni kikombe. Vikombe vya muuza kahawa husuuzwa katika ndoo moja ya maji yale yale jioni nzima. Kila mtu aje na chake kutoka nyumbani amiminiwe humo, na kashata igawiwe na mtu mmoja tu. Mwenye homa, kikohozi au aliyepoteza harufu asije, naye msimwache: mpigieni simu mkiwa barazani, muiweke spika.

Maskani niliyobaki nayo ni ya muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Sipendi sana, lakini nikiacha sina mtu.
*Kijana wa miaka 23, Kisauni*

Umesema ukweli ambao wengi huuzunguka. Muguka huchangamsha, hivyo mazungumzo yanakuwa matamu na usiku hauna mwisho. Baadaye usingizi haushiki, na kesho yake moyo unashuka. Ule mshuko wa kesho unausoma kama upweke, nao unakurudisha maskani. Sehemu ya upweke unaoukimbilia huko imetokana na huko huko.

Hatukushauri uwakate watu hao kwa siku moja, kwa kuwa utabaki mtupu na utarudi wiki ijayo. Punguza saa kwanza: fika umechelewa, ondoka mapema, uwe na sababu ya kweli ya kuondoka. Kisha chagua mmoja wao, yule ambaye ungependa kuwa naye hata bila majani, mkutane asubuhi mahali pengine. Kuna kazi ya mtafiti Jeffrey Hall ya mwaka 2018 inayofaa hapa. Aliona huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja ndipo mtu unayemjua tu awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 awe rafiki wa karibu. Saa hizo umeshaziweka kwa watu hawa, usizitupe. Hamishia chache kwenye mpira, kazi au matembezi. Siku za kwanza za kupunguza utasikia usingizi mzito, hasira na uzito wa mwili. Hupungua zenyewe baada ya siku kadhaa. Kama unachanganya na vidonge au pombe, usiache peke yako, pitia kituo cha afya kwanza.

Nimempata mpenzi mtandaoni wakati wa kafyu. Hatujaonana. Sasa anaomba nimtumie pesa kidogo na picha.
*Changamwe*

Usitume chochote. Mwombe simu ya video ya dakika tano leo. Anayekwepa mara tatu umeshamjua. Kama picha ulishatuma na anakutishia, usilipe, kwa sababu anayelipwa hurudi. Hifadhi ujumbe wote, mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, na mwende pamoja kuripoti polisi. Hukufanya ujinga. Ulikuwa na njaa ya kusemeshwa, na matapeli wanaijua njaa hiyo.

Mwanangu wa kidato cha tatu hatoki chumbani. Ana miaka 17. Alikuwa mchezaji mpira, sasa hata chakula anapelekewa. Nikimuuliza anasema "niko sawa". Nimechukua simu yake mara mbili, hali imezidi. Je, huu ni upweke au ni ugonjwa?
*Mama wa watoto wanne, Bombolulu*

Mama, kwanza mrudishie simu. Tunajua kwa nini uliichukua, lakini kwa mtoto aliyefungiwa shule hadi Januari hiyo ndiyo baraza yake iliyobaki. Wekeni mpaka wa saa ya kulala, simu ya kila mtu pamoja na yako ikae sebuleni usiku.

Upweke na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hufanana, na moja huweza kuzaa nyingine. Njia moja ya kuzitofautisha ni hii: mpweke akipata mtu utamuona akichangamka, hata kwa muda. Mwenye sonona hata rafiki aliyempenda akija, au mpira aliokuwa akiuota, haumgusi. Angalia pia muda. Huzuni au kutovutiwa na chochote kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na pamoja nayo usingizi kuharibika, kula kubadilika, uchovu, kujilaumu au kushindwa kutuliza akili, kunahitaji mtaalamu. Usimngoje akubali kwamba ni mgonjwa. Mwambie mnakwenda kuangalia usingizi wake, na huo si uongo.

Namna ya kumsemesha ni kazi yenye ufundi. Usimkalishe uso kwa uso na kumuuliza "una nini?" Mpe kazi ya pembeni yako, mmenye viazi au mtengeneze feni, useme ulichokiona bila kukitafsiri: "Naona wiki hii hujagusa mpira, na chakula unakirudisha." Halafu nyamaza. Hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kuongeza neno. Kimya hicho ni kigumu kwa mzazi, lakini mtoto huhitaji muda huo kuamua kama ataanza. Akianza, usiingize "sisi zamani". Usimwambie asali tu au asome tu. Ibada kwa mwenye imani ni nguzo, ila ikitumika kukatiza kilio chake atajifunza kutolia mbele yako. Mwite mmoja wa wale wachezaji wenzake aje wapige danadana nje, wawili tu. Mwambie mtoto wako siku moja kabla, asishtukizwe.

Kuna swali moja ambalo wazazi wengi huliogopa, nasi tunakuomba uliulize wazi ukisikia maneno kama "mngepumzika nisingekuwepo", ukimuona anagawa vitu vyake, au akitulia ghafla baada ya huzuni ndefu: "Je, umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu, kwa kuwa amekuwa na siri hiyo peke yake. Akisema ndiyo, muulize kama amepanga vipi na lini. Usimkaripie wala usimwapishe. Usimwache peke yake, hata kwenda chooni asifunge kwa komeo. Toa ndani dawa zote za ziada, sumu ya panya na ya wadudu, kamba na visu. Mpeleke hospitali usiku huo huo. Hata kafyu haikumzuia mgonjwa wa dharura.

Mkihitaji sauti ya mtu kwanza, Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapokea simu za ushauri bila malipo kwa namba 1199. Kwa walio chini ya miaka 18 kuna 116, nayo ni bure, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe. Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177. Ziandike namba hizo leo kwenye karatasi, uibandike karibu na jokofu watoto wote wanne waione, usimtaje yeyote kati yao. Kama atataka kupiga, mpe chumba, ukae nje ya mlango mahali atakapokuona akitoka.